Tohe Aliyeitikia Mluzi

Herieth hakuwa na viatu. Hakuwa na sweta, na baridi ya Sumbawanga mwezi wa Juni haimwonei mtu huruma. Hakuwa na daftari la hisabati, kwa hiyo hesabu zake aliziandika nyuma ya daftari la jiografia, mpaka hesabu na milima zikakutana katikati. Hakuwa na mama. Mama yake alifariki walipokuwa njiani kuhamia Rukwa, akazikwa katika kijiji ambacho Herieth hakukumbuka hata jina lake. Tena hakuwa na ng'ombe. Jambo hilo wenzake darasani hawakulielewa uzito wake, lakini yeye alikuwa binti wa Kisukuma, na nyuma ya nyumba yao pale Kasense kulikuwa na zizi kubwa, tupu, lililoota mchicha.

Baba yake, Meshack, aliingia Ufipa na ng'ombe arobaini na wawili. Miaka hiyo serikali ilikuwa imeacha kuleta dawa ya majosho, na kila mfugaji aliambiwa ajinunulie mwenyewe. Maduka ya mtaa wa Majengo yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia tu: redio, mafuta ya kujipaka, mitumba ya kila rangi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ilikuwepo, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. Kupe wakazidi, homa ya ndigana ikaingia, na masika ya mwaka mmoja tu yakatosha kulimaliza zizi lote. Wa mwisho kufa alikuwa mtamba mweupe mwenye sikio jeusi, jina lake Milembe, yaani amani.

Sasa Meshack alifyatua matofali ya watu waliokuwa wakijenga maduka mjini. Kila asubuhi, Herieth alipokuwa akikoroga uji wa ulezi, alimsikia baba yake akinawa uso huku akipiga mluzi bila kujijua: milio miwili ya chini, kisha mmoja wa juu, mrefu. Ulikuwa mluzi wa kuwaitia ng'ombe jioni, uleule waliokuwa nao wachungaji wengi wa kwao. Herieth aliujua kabla hajajua kusoma. Zamani alikuwa akiupiga, na vichwa arobaini na viwili viligeuka kumtazama yeye, mtoto mdogo aliyesimama juu ya kichuguu. Siku hizi aliupiga moyoni tu.

Siku moja Mwalimu Bertilla, aliyekuwa akiwafundisha darasa la sita, aliingia na kuuliza, "Nani kati yenu anaweza kuamka mapema Jumamosi bila kuchapwa?"

Darasa likacheka. Mwalimu akaeleza kwamba Mzee Leonidas, bwana nyama mstaafu, yaani askari wa wanyamapori, alikuwa na kituo chini ya milima ya Mbizi. Huko aliwatunza wanyama wa porini waliojeruhiwa na wale waliofiwa na mama zao, kisha wakipona aliwarudisha porini. Alihitaji watoto wa kujitolea kukata majani, kuteka maji na kusafisha mabanda.

"Malipo yake ni nini, Mwalimu?" aliuliza Fortunata, binti mchangamfu aliyekaa dawati moja na Herieth.

"Malipo yake ni kwamba utakuwa umefanya jambo jema."

"Hapo ndipo penye shida," Fortunata alinong'ona, lakini mkono wake alikuwa ameshaunyoosha. Herieth naye akaunyoosha wake.

Mzee Leonidas alikuwa Mfipa mrefu, mkavu, mwenye kikohozi cha siku nyingi. Aliwapanga watoto sita mbele ya mabanda yake, akawaonyesha koti la mvua la kijivu lililotundikwa mlangoni.

"Mnaliona hili koti? Anayemlisha mtoto wa mnyama hapa hulivaa hili. Hufunika kichwa, hufunika mikono. Chupa ya maziwa hupitishwa kwenye tundu la uzio. Hakuna kuzungumza na mnyama. Hakuna kumpapasa. Hakuna kumpa jina. Mnyama asijue kwamba huyu ni Fortunata, huyu ni Herieth. Ajue kwamba chakula hutoka kwenye kitu cha kijivu, basi. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mnyama akishawapenda watu, kumrudisha porini ni kumpeleka machinjioni."

Mfanyakazi wa pekee wa kituo alikuwa Ignasi, kijana wa Kifipa wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno mengi na mikono ya haraka. Alipopata habari kwamba Herieth ni Msukuma, akapiga kofi. "Jamani, tumekwisha! Huyu ukimpa sungura atamtafutia josho!"

"Na wewe ukipewa ng'ombe, Kaka Ignasi, utamtafutia jembe," alijibu Herieth, na hata Mzee Leonidas akacheka mpaka akakohoa.

Mwezi wa Septemba moto wa nyika ulipita Ufipa kama kawaida yake, na baada ya moto wakapita wawindaji na mbwa. Ignasi alirudi kutoka bondeni akiwa amebeba kitu kifuani, ndani ya shati lake. Alikuwa mtoto wa tohe, yule swala wa majani marefu, jike, rangi ya majani makavu, miguu myembamba kama fito. Mama yake alikuwa ameuawa na mbwa.

Alikataa kunyonya. Fortunata alijaribu, Ignasi akajaribu. Siku ya pili Mzee Leonidas akamwambia Herieth, "Njoo wewe. Nimekuona unavyoshika ndoo, hupigi kelele. Vaa koti."

Herieth alivaa koti, akachuchumaa, akapitisha chupa ya soda yenye chuchu ya mpira kwenye tundu. Hakusukuma. Alisubiri tu, kama baba yake alivyomfundisha kusubiri ndama. Baada ya muda mrefu akasikia mvuto mdogo mkononi mwake, kisha mwingine. Mzee Leonidas alimtazama kwa macho ya fahari, akamgusa begani. Tangu siku hiyo tohe alikuwa kazi ya Herieth, kila siku baada ya shule na Jumamosi kutwa.

Laiti angeishia hapo.

Ilianza kwa jina. Alilisema kimoyomoyo kwanza: Milembe. Kisha siku moja, Ignasi alipokwenda kisimani, akalisema kwa sauti ndogo, na sikio la tohe likageuka. Likageuka kama yalivyokuwa yakigeuka yale masikio ya zamani. Herieth alihisi kitu kikilegea kifuani mwake, kitu kilichokuwa kimekaza tangu zizi lilipobaki tupu. Wiki iliyofuata alivua kofia ya koti. Kisha akalivua koti lenyewe. Akaleta chumvi ya mawe kutoka nyumbani, akailambisha kwenye kiganja. Ulimi ulikuwa wa moto na wenye kukwaruza.

Na mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha na Ignasi akiwa mbali akiziba paa, Herieth alipiga ule mluzi. Milio miwili ya chini, mmoja wa juu, mrefu.

Tohe alisimama wima. Alitetemeka mwili mzima, akarudi nyuma mpaka ukutani. Herieth hakuelewa hofu ile. Alipiga tena, polepole, huku amenyoosha mkono wenye chumvi. Ilichukua siku nyingi. Mwishoni mwa Januari, tohe akisikia mluzi ule alikuja mbio.

Herieth hakujiona kuwa anafanya ubaya. Kwao, mnyama asiyeijua sauti yako ni mnyama uliyempuuza. Ng'ombe anayekujua hapotei, haibiwi, hafi peke yake. Alijua kwamba amevunja sheria ya Mzee Leonidas, ndiyo. Lakini aliona ni sheria ya watu wasiojua mifugo.

Mwezi wa Machi majani bondeni yalikuwa marefu kuliko mtu, na Mzee Leonidas akasema wakati umefika. Kwanza, hata hivyo, kulikuwa na jaribio. Kila mnyama alijaribiwa kabla ya kufunguliwa. Mzee aliingia kwenye uwanja wa uzio bila koti, na fimbo mkononi, akamwendea tohe moja kwa moja. Tohe akakimbia hadi kona ya mwisho. Akaingia Ignasi. Tohe akakimbia tena, akaruka hata beseni la maji.

"Safi kabisa!" alisema Mzee. Macho yake yaling'aa. "Anatuogopa kama tulivyotaka." Kisha akawageukia watoto. "Lakini nawauliza mara moja tu, na mnijibu kweli, maana hapa tunazungumzia uhai. Yupo yeyote aliyemzoesha mnyama huyu? Kwa sauti, kwa mkono, kwa chochote? Kama yupo, aseme. Hatapigwa. Tutamweka miezi mitatu mingine mpaka asahau."

Herieth alitazama vidole vya miguu yake. Akisema, ataondolewa kituoni. Atarudi kwenye zizi lenye mchicha. Tena Mzee atamtazama kwa jicho jingine, si lile la siku ya chupa. Akajiambia: si amekimbia? Amewakimbia wote wawili. Hakuna litakalompata.

"Hakuna, Mzee," walijibu watoto, na sauti ya Herieth ilikuwa miongoni mwa sauti zao.

Walimfungua asubuhi ya Jumamosi kando ya bonde la majimaji. Aliruka mara tatu, majani yakamfunika. Watoto walipiga makofi. Herieth alirudi nyuma kidogo, akang'ata ulimi ili asipige mluzi. Siku hiyo angalau aliweza.

Wiki ile ile kifua cha Mzee Leonidas kilimzidi. Binti yake, aliyeolewa Kipili, akaja kumchukua akakae kando ya ziwa, ambako kuna joto. Mzee akamwachia Mwalimu Bertilla usimamizi wa kituo, na Ignasi akaachiwa funguo.

Wiki tatu zilipita. Jumamosi ya nne, watoto walikuwa wakikata majani Ignasi alipoinua kichwa na kusema, "Nani yule?"

Mwanamume mmoja alikuwa akipanda kilima polepole, mbwa wawili nyuma yake. Alivaa shuka la kichungaji, lakini shuka la pili alikuwa amelibeba mikononi, limefungiwa kitu ndani. Alipofika aliwafukuza mbwa kwa jiwe, wakakaa mbali.

"Mwangaluka," alisalimu kwa Kisukuma, kisha akakumbuka alipo. "Habari za hapa. Mimi naitwa Gabriel, nachunga kule bondeni. Nimeambiwa ninyi ndio mnaofuga wanyama wa porini."

"Hatufugi, tunatunza," alisema Ignasi. "Umeleta nini?"

Gabriel aliliweka shuka chini, akalifungua. Tohe alikuwa amelala kama amesinzia, isipokuwa shingo, iliyokuwa imeraruliwa. Sikioni palikuwa na kipande cha uzi mwekundu, alama ya kituo.

Fortunata alianza kulia.

"Sikumwinda," alisema Gabriel. "Naapa mbele ya Mungu sikumwinda. Jana jioni nilikuwa nawaita ng'ombe wangu. Nilipiga mluzi, kama kila siku. Mara majani yakafunguka, akatoka huyu. Akanijia mbio, moja kwa moja, kama ndama. Nikadhani ni macho yangu. Mbwa wakamwona kabla sijawahi kuwazuia." Akaifunika shingo ya tohe kwa pindo la shuka. "Hakukimbia. Mbwa walipokuwa wakija, aliendelea kunitazama mimi. Nyumbani wakasema tumle. Nikasema hapana. Mnyama anayeitika akiitwa, siwezi kumla."

Herieth alisikia kila neno, lakini kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. Ulimi wa moto ulikuwa bado kwenye kiganja chake.

Walimzika nyuma ya mabanda. Mwalimu Bertilla alimwandikia Mzee Leonidas habari zote, na barua ikaenda Kipili kwa lori la Evaristi, dereva aliyekuwa akifuata dagaa ziwani kila wiki. Wiki iliyofuata Evaristi akaleta majibu. Jumamosi Mwalimu aliwakusanya watoto na Ignasi, akasoma kwa sauti nzito.

"'Nimelia, Mwalimu, na mimi si mtu wa kulia. Tohe yule alizoeshwa, na aliyemzoesha alikuwa na muda mrefu wa kukaa naye. Ignasi alimzoesha tumbili mwaka juzi, nikamwonya, akaniahidi. Sasa amerudia. Basi naomba akabidhi funguo Jumanne, nitamtafuta mtu mwingine. Usiwakemee watoto. Hasa yule Msukuma mdogo, mpe pole zangu. Yeye ndiye aliyefuata sheria zangu kuliko wote.'"

Ignasi alikuwa amesimama na kwanja mkononi. Hakuwa na mzaha hata kidogo usoni. "Sikumwita hata siku moja," alisema taratibu. "Tumbili, ndiyo, nilikosa. Lakini huyu, Mwalimu, mimi ndiye niliyembeba kifuani kutoka bondeni. Ningemfanyia hivyo?"

"Nakuamini nusu, Ignasi," alisema Mwalimu kwa huzuni. "Lakini ni nani basi?"

Ignasi aligeuka. Alikwenda kuendelea kukata majani, ingawa hakuna aliyemwagiza tena.

Njiani kurudi, Fortunata alisema, "Si nilijua mimi? Jamaa anajifanya mcheshi, kumbe ndiye muuaji."

"Usimwite hivyo," alisema Herieth.

"Kwa nini? We mwenyewe ndiye uliyemlisha yule tohe. Ningekuwa wewe ningemtemea mate."

Herieth aliacha njia, akapitia mashambani peke yake.

Jumapili hakula. Jumatatu hakula. Kila alipofumba macho alimwona Ignasi na kwanja lake, na kila alipoyafumbua alisikia maneno yale: kuliko wote. Adhabu angeweza kuivumilia, ila sifa ile ilimchoma. Jumanne alipotoka shule hakwenda nyumbani. Alikwenda kwenye tanuri la matofali, akamkuta baba yake amepiga magoti, akijaza udongo kwenye kalibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona huku? Kuna nini?"

"Baba, mtu akifungua zizi, ng'ombe wakaharibu shamba, halafu akachapwa mtoto wa jirani, ifanyweje?"

Meshack alimtazama bintiye. Mtu aliyezika mke na ng'ombe arobaini na wawili hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba kuna msiba. "Nani amechapwa?" aliuliza.

Herieth akaeleza. Jina, koti, chumvi, jaribio, Gabriel, barua. Udongo ulianza kukauka mikononi mwa baba yake na kupasuka, lakini hakunawa.

"Ulimpigia mluzi upi?"

"Wetu."

Meshack aliinamisha kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na jina la Milembe."

"Ndiyo, baba."

"Kosa hili nimekusaidia kulifanya, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba kumpenda mnyama ni kumzoesha sauti. Kwa ng'ombe ni kweli. Ng'ombe maisha yake yako kwa watu. Huyu maisha yake yalikuwa majanini. Ulimpa ulichokihitaji wewe, hukumpa alichokihitaji yeye." Akasimama, akajipangusa magotini. "Lakini kunyamaza sikukufundisha. Hilo ni lako peke yako. Twende."

Walipofika kituoni, Mwalimu Bertilla alikuwa amekaa kwenye benchi na daftari, akipokea vitu. Ignasi alimhesabia ndoo, kwanja, chupa. Begi lake dogo la safari lilikuwa mlangoni, chini ya koti la kijivu.

Meshack aliwasalimia, kisha akarudi hatua mbili nyuma ya binti yake. Hakumsemea.

"Mwalimu," alianza Herieth. Alimtazama Ignasi. Akaanza upya. "Mwalimu, siyo Kaka Ignasi. Ni mimi. Nilimwita Milembe. Nilivua koti. Nilimpa chumvi kwa mkono na nikamzoesha mluzi wa baba. Alikimbia siku ya jaribio kwa sababu Mzee hakupiga mluzi. Nilijua, nikaficha."

Ndoo aliyoishika Ignasi ilianguka, ikalia chini. "Wewe?" alisema. "Siku tatu hizi watu wananipita mjini wakininyooshea kidole. Mama yangu ameniuliza kama ni kweli. Wewe, Herieth?"

"Ndiyo, Kaka. Nisamehe."

"Mluzi!" Ignasi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Unajua mluzi ni nini kwa tohe? Tohe wenyewe hupiga mluzi, kwa pua. Mmoja akiona chui, akiona mbwa, hupiga mluzi, na wengine wote hukimbia. Hiyo ndiyo lugha yao ya hatari. Mama yake angekuwa hai, angemfundisha hivyo kabla ya jambo jingine lolote: ukisikia mluzi, kimbia."

Herieth alikumbuka ile siku ya mvua, mnyama mdogo akitetemeka ukutani. Kumbe hakuwa mjinga. Alikuwa anajua. Herieth ndiye aliyemsahaulisha, chumvi kwa chumvi. Akakaa chini kwenye vumbi na kulia kwa sauti, na kwa kitambo hakuna aliyemzuia.

"Sitakwambia si kitu," Ignasi alisema mwishowe, akiwa amempa mgongo. "Ni kitu. Lakini umekuja mwenyewe. Mimi kwa yule tumbili sikwenda mwenyewe, nilikamatwa."

Mwalimu Bertilla alifunga daftari. "Begi hilo lirudi ndani, Ignasi. Mpaka Mzee ajibu, funguo zinabaki kwako, na hilo nitalijibia mimi." Kisha akainama mbele ya Herieth. "Nisikilize, mwanangu. Siku ile ya jaribio ulitakiwa kusema neno moja tu, na tohe angeishi. Leo umelisema neno lilelile. Limemwokoa Ignasi, lakini yule aliyezikwa halimfikii tena. Ndiyo maana tunawahimiza watoto wasiucheleweshe ukweli. Ukichelewa bado ni lazima usemwe, ila hauna tena nguvu yake yote. Jumamosi utawaambia wenzako kama ulivyotuambia sisi. Na Mzee utamwandikia wewe, kwa mkono wako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Kutoka kwenye banda la mwisho kikasikika kilio chembamba. Lilikuwa kinda la korongo lililoletwa juzi, mguu umevunjika, na saa yake ya kula ilikuwa imepita. Ignasi aliitazama mikono yake. Ilikuwa imekunja ngumi. Akachukua koti la kijivu mlangoni, akamrushia Herieth.

"Mikono yangu leo itamtisha. Vaa. Vifungo vyote. Nikisikia hata pumzi yako nakutoa mwenyewe."

Herieth alivaa, akafunika kichwa, akapitisha kibuyu cha dagaa waliopondwa kwenye tundu. Kinda lilisita. Likasogea kwa kuchechemea, likainua kichwa, likalitazama koti kwa jicho moja la mviringo, kama linalouliza jina. Herieth alikaza midomo. Alipotoka, mdomo wa chini ulikuwa na alama za meno, na hakuwa ametoa sauti yoyote.

Barua aliiandika hapohapo kwenye benchi, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka nyuma ya daftari la jiografia.

"Mzee Leonidas, shikamoo. Natumaini kifua kinaendelea vizuri. Mimi ndiye niliyemzoesha tohe. Nilimpa jina, nilimlambisha chumvi na nilimwita kwa mluzi. Ulipouliza, nilijibu hakuna kwa sababu niliogopa kuondolewa. Kaka Ignasi hana kosa, naomba abaki na kazi yake. Uliandika kwamba nilifuata sheria zako kuliko wote. Nimeona aibu kubwa, kwa sababu sikuzifuata. Tohe alizikwa nyuma ya mabanda, nami nimepanda majani ya bondeni juu yake. Ukisema nisije tena, sitakuja. Ukiniruhusu, nitavaa koti. Mimi Herieth, binti wa Meshack."

Mwalimu aliisoma, hakusahihisha hata nukta, akampa bahasha. Gundi yake ilikuwa imekauka siku nyingi. Ignasi akaleta uji wa ulezi uliobaki chunguni, na Herieth akaupaka kwa kidole, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika.

Baba na binti walishuka hadi Majengo. Njiani Meshack alianza kupiga mluzi bila kujijua, milio miwili ya chini. Akaukata kabla ya wa tatu.

Evaristi alikuwa ameshawasha lori. "Ya Mzee Leonidas?" aliuliza, akiipokea dirishani. "Yule mzee hali yake siyo nzuri, mtoto. Nitampa mkononi. Kuna la kuongeza kwa mdomo?"

"Hapana," alisema Herieth. "Yote yamo humo."

Evaristi akaichomeka bahasha juu ya kioo, pale penye karatasi za gari, akaingiza gia. Herieth alisimama kando ya barabara na kidole chenye uji uliokauka, mpaka lori likapinda kuelekea ziwani.